Kabla ya kuvitia vifaru vizee mizinga mipya, tuulize ni vita gani

Kila video ya kifaru kilichofanyiwa ukarabati ikipita mtandaoni, maoni ya Wakenya hutoka kama kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza. "Na sisi je? Vyetu ni vya tangu enzi za Mzee Kenyatta. Si viwekewe mzinga mpya?" Nimeulizwa hili swali mara nyingi, kwa hivyo leo nalijibu kwa urefu. Chukua chai, hii si ya dakika mbili.

Naandika nikiwa Kwa Vonza, hapa Yatta ya chini, Kitui. Najua utauliza mtu wa Kwa Vonza anahusikaje na vifaru wakati sisi tunajulikana kwa ndengu, mchanga na chuo kikuu cha SEKU. Anahusika sana. Wakati wa ukoloni Wakamba walikuwa kati ya watu waliotoa askari wengi zaidi kwa jeshi la KAR. Wazee wetu walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma kupigana vita ambavyo hawakuulizwa kama wanavitaka. Mpaka leo, siku ya kuandikisha makuruta, vijana wa huku wanaamka saa tisa usiku kwenda kukimbia na kupimwa meno. Kwa hivyo jeshi likinunua chuma kibaya, msiba unaweza kufika hapa kwetu. Ndiyo sababu naona tuna haki ya kuongea.

Msimamo wangu niuseme mapema: kifaru kizee kinaweza kufufuliwa, na historia imejaa mifano. Lakini kila ukarabati uliofaulu ulianza na swali moja, yaani ni kitu gani kinaua askari wetu sasa hivi? Wale walioanza na swali la mzinga upi ni mkubwa walipata kitu cha kupiga nacho picha.

Ukarabati wenyewe ni nini

Tuelewane kwanza. Kifaru kina mambo matatu: kinapiga, kinastahimili kupigwa, na kinatembea. Siku hizi ongeza la nne, kinaona. Ukikifanya kipya unagusa mojawapo ya hayo au yote.

Fundi yeyote wa gereji atakuelewesha kwa mfano wa Land Rover ya zamani. Watu wengi wametoa injini ya kiwandani na kuweka ya Isuzu au Toyota. Mwili ni ule ule, moyo ni mpya, na gari linapanda mlima. Lakini muulize huyo fundi kilichofuata. Giaboksi ilianza kulalamika kwa sababu haikutengenezewa nguvu hizo. Breki zikawa hazitoshi. Spea moja inatoka Nairobi na nyingine haitoki popote. Ukibadilisha kimoja, vingine vyote vinakuja na mswada wao.

Kifaru ni hivyo hivyo, ila kwa tani. Vifaru vya Kenya vinaitwa Vickers Mk 3. Kila kimoja kina uzito wa karibu tani 39, injini ya dizeli ya nguvu za farasi 720, na mzinga wa milimita 105. Piga hesabu: ni kama farasi 18 na nusu kwa kila tani. Sasa useme unaongeza tani tano za deraya ili roketi zisipenye. Injini ikibaki ile ile, unashuka mpaka farasi 16 na nusu hivi. Kifaru kimekuwa kigumu kuua, lakini pia kimekuwa kizito mchangani, kinakula mafuta zaidi, na daraja lililokibeba jana huenda leo lisikibebe. Kwa hivyo deraya mpya inaomba injini mpya, injini inaomba giaboksi, giaboksi inaomba pesa.

Hadithi ya mzinga mmoja

Mzinga huo wa Vickers zetu unaitwa L7, na hadithi yake ndiyo nzuri kuliko zote za ukarabati.

Mwaka 1956 watu wa Hungaria waliinuka dhidi ya Wasovieti. Katika zile vurugu, kifaru cha Kisovieti aina ya T-54 kiliendeshwa hadi kwenye ubalozi wa Uingereza mjini Budapest. Waingereza wakakikagua haraka haraka. Walichoona hakikuwapendeza: mbele kuna chuma cha milimita 100 kilicholazwa mteremko, na mzinga wa milimita 100. Kifaru chao kikuu, Centurion, kilikuwa na mzinga wa milimita 84. Hesabu haikukaa sawa.

Wakamaliza kutengeneza L7, milimita 105, na wakafanya jambo moja la akili sana: waliuunda ukae palepale mzinga wa zamani ulipokaa. Hawakuhitaji kutupa Centurion. Unatoa ule, unaweka huu. Kufikia 1959 ulikuwa kazini, na baada ya hapo dunia nzima ikautaka. Wamarekani waliuweka kwenye M60, Wajerumani kwenye Leopard ya kwanza, Wahindi kwenye Vijayanta, ambayo ni ndugu mkubwa wa Vickers yetu.

Waisraeli ndio waliofanya ufundi wa jua kali wa kiwango cha juu. Centurion zao waliziwekea L7, kisha wakatoa injini ya petroli na kuweka ya dizeli, ndipo kifaru kikaenda mbali zaidi na kuwaka moto kwa shida zaidi. Vile vifaru vya T-54 na T-55 walivyowanyang'anya Waarabu mwaka 1967, baadhi walivitia L7 pia. Yaani mzinga uliokamilishwa kwa kuiogopa T-54 ukaishia ndani ya T-54.

Oktoba 1973 ikaja mtihani. Kule milima ya Golan, Centurion zilizokarabatiwa zilikaa juu ya vilima na kuzuia mamia ya vifaru vya Syria. Ushindi huo ndio watu huupenda kuusimulia. Wiki hiyo hiyo, kule jangwa la Sinai, vifaru vya Israeli vyenye mzinga wa aina hiyo hiyo viliteketea kwa wingi, kwa sababu upande wa pili hakukuwa na vifaru tu. Kulikuwa na askari wa miguu wa Misri waliolala mchangani na kombora dogo liitwalo Sagger, linaloongozwa kwa waya na kubebwa ndani ya kitu kama sanduku la safari.

Mzinga uliwasaidia pale ambapo adui alikuwa kifaru. Pale ambapo adui alikuwa mtu mmoja mwenye sanduku, mzinga haukumwona hata. Baada ya hapo Waisraeli walibadilisha swali, wakaja na matofali ya baruti yanayobandikwa nje ya kifaru, ambayo hulipuka kuelekea nje na kuvuruga kombora. Yalionekana vitani Lebanon mwaka 1982.

Kwa nini Kenya ilinunua

Turudi nyumbani. Kenya ilipata uhuru bila vifaru vikubwa. Kilichobadilisha mambo ni majirani. Februari 1976 Idi Amin alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Upande mwingine, Somalia ilikuwa na ndoto ya kuunganisha Wasomali wote. Ile nyota ya pembe tano kwenye bendera yao, pembe moja ilikuwa ni kaskazini mashariki yetu. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 vilikuwa bado vinauma. Kisha Julai 1977 jeshi la Siad Barre likavamia Ogaden, Ethiopia, likiwa na vifaru vya Kisovieti.

Nairobi ikaona hiyo picha na kujiuliza: baada ya Ethiopia, nani? Oda ya kwanza ya Vickers, 38, ilikuwa ya 1977. Mwaka uliofuata zikaongezwa nyingine 38. Jumla 76, pamoja na magari ya kuvuta vifaru vilivyokwama. Zilitengenezwa Newcastle, Uingereza, na kule Isiolo tukawa na kikosi cha 78 cha vifaru.

Ukiniuliza, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Swali lilikuwa wazi: T-54 na T-55 zikivuka mpaka kwenye tambarare ya kaskazini, ni nini kitazisimamisha? Jibu lilikuwa L7, mzinga uliokamilishwa kwa ajili ya hizo hizo T-54. Uwanja nao ulikuwa mpana na mkavu, mahali ambapo kifaru kinaona mbali.

Hiyo vita haikuja. Huenda vifaru vilichangia kuizuia, huenda Siad Barre alichoshwa na kipigo cha Ogaden. Mwaka 1991 serikali yake ilianguka, na lile jeshi la vifaru likasambaratika nalo. Swali lililonunua Vickers likafa. Vifaru vikabaki.

Majirani nao

Ebu tuangalie upande wa pili wa mpaka. Afrika Mashariki imeona vifaru vikipigana kweli, katika vita vya Kagera. Oktoba 1978 Amin alivamia Kagera, na Tanzania ikajibu. Tanzania ilikuwa na Type 59 za Kichina, ambazo kimsingi ni T-54 iliyonakiliwa. Amin alikuwa na T-55 na Sherman za tangu vita vya pili vya dunia. Gaddafi akamwongezea askari na T-55 zake.

Machi 1979 wakakutana Lukaya, mahali ambapo barabara ya kwenda Kampala inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Walibya walishambulia kwa vifaru na roketi, na brigedi ya Tanzania iliyokuwa mbele ikatawanyika usiku huo. Kilichookoa siku ni kwamba Watanzania walijipanga upya, na brigedi ya 208 ikazunguka kwa miguu na kuibukia kwenye barabara ya Kampala, ubavuni mwa adui. T-55 za Walibya zilikuwa nzuri, ila zilibanwa kwenye kamba moja ya lami, kinamasi huku na huku. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Tanzania haikuzitupa kumbukumbu hizo. Katika miaka ya 2010 walianza kuonyesha kwenye magwaride Type 59G. Hii ndiyo mfano wetu wa karibu kabisa wa mada ya leo. Wachina wanachukua umbo la Type 59 la miaka ya 1950, wanaweka mzinga mkubwa kuliko ule wa milimita 100, wanavika kichwa chake deraya mpya iliyochongoka kama pua ya jahazi, wanaongeza vifaa vya kisasa vya kulenga. Kinapendeza macho. Uganda nayo ilichukua njia nyingine, ikanunua T-90 mpya kutoka Urusi. Ethiopia ikachukua T-72 kutoka Ukraine.

T-72 nazo tunazikumbuka kwa sababu nyingine. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli iitwayo MV Faina ikielekea Mombasa na T-72 33 ndani. Serikali ikasema ni za Kenya. Andrew Mwangura, aliyekuwa akifuatilia meli zilizotekwa, aliposema zinakwenda Sudan Kusini, alikamatwa. Meli iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia ya dola milioni 3.2. Mwaka 2010 nyaraka za kibalozi za Marekani zikavuja, na zikaonyesha mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini kweli. Nayataja haya kwa sababu moja: kwetu biashara ya vifaru hufanywa gizani, na anayewasha taa ndiye anayeshikwa.

Giza hilo lina bei. Uganda mwaka 1998 ilinunua helikopta zilizotumika za Mi-24 kutoka Belarus. Zilifika zikiwa haziwezi kuruka. Ikabidi iundwe tume ya Jaji Julia Sebutinde. Hakuna aliyeuliza maswali mapema, maana ni "siri ya usalama".

Vita tuliyo nayo

Oktoba 2011 KDF iliingia Somalia. Wiki za kwanza zilikutana na mvua za vuli, na magari yakazama kwenye udongo mweusi ule ambao sisi watu wa Ukambani tunaujua vizuri. Ukishika tairi hauachi. Kisha Al-Shabaab wakaonyesha silaha yao halisi. Hawana vifaru, hawasimami uwanjani. Wanazika bomu barabarani na kusubiri.

Tarehe 15 Januari 2016, El Adde, kambi ya wanajeshi wetu ilivunjwa kwa gari lililojaa vilipuzi, kisha wapiganaji wakaingia. Mpaka leo idadi ya waliokufa inabishaniwa. Januari 2017, Kulbiyow, mbinu ile ile. Na kati ya hayo makubwa kuna yale madogo ya Lamu, Garissa na Mandera, gari la doria likikanyaga bomu, na habari yake inapita kwa mistari mitatu redioni.

Sasa rudi kwenye lile swali la maoni. Useme tumevitoa vifaru 76, tumeviwekea mzinga wa milimita 120 na kompyuta ya kulenga. Nionyeshe ni nani kati ya waliokufa kwenye barabara hizo angekuwa hai. Simwoni.

Kwa haki, jeshi lenyewe linaonekana limeelewa. Mwaka 2021 Kenya iliagiza magari 118 ya deraya aina ya Hızır kutoka Uturuki, yaliyoundwa kuhimili mabomu ya ardhini. Huko ndiko kuanza na swali.

Lakini Ukraine je?

Najua mtaniambia: vita vikubwa vimerudi, na vifaru vizee vinapigana. Ni kweli. Mwaka 2022 Slovenia iliipa Ukraine vifaru 28 vya M-55S. Hizo ni T-55 zilizokarabatiwa miaka ya 1990, na mzinga wake, amini usiamini, ni L7. Urusi nayo imetoa T-54 na T-55 kwenye mabohari. Kwa hivyo sisemi vifaru vimekufa. Jirani akiwa na T-72 na T-90, huwezi kubaki na fimbo.

Tazama hata hivyo kinachoviua huko Ukraine. Ni droni ndogo ya bei ya pikipiki kuukuu, inayoshuka kutoka juu, mahali ambapo chuma ni chembamba. Askari wanachomelea vizimba vya vyuma juu ya vifaru, kazi ambayo fundi wa mageti hapa sokoni angeifanya kwa siku mbili. Mzinga mkubwa haujibu droni. Kinachosaidia ni kuona mapema, redio isiyovurugwa, na kujificha.

Kwa hivyo kama pesa ya kukarabati Vickers ipo, mimi ningeipanga hivi. Mzinga uachwe, L7 bado inatosha kwa kazi nyingi tunazoweza kuzifikiria. Kwanza macho: kamera zinazoona joto usiku, leza ya kupima umbali, redio mpya. Pili injini na minyororo, kwa sababu kifaru kisichofika ni sanamu. Hapo kuna mtego: Vickers yenyewe iliuzwa mara kadhaa mpaka ikaishia mikononi mwa BAE Systems, na mwaka 2012 ikatangazwa kwamba kiwanda cha Newcastle kitafungwa. Aliyezaa gari hayupo. Anayetaka kulikarabati lazima aonyeshe spea zitatoka wapi kwa miaka 15 ijayo, na ni mafundi gani Wakenya watafundishwa. Tatu, na kubwa kuliko yote, mabomu ya barabarani: vifaa vya kuyagundua, magari ya kuyahimili, helikopta ya kumtoa majeruhi kabla damu haijaisha.

Wazee walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Kifaru chenye mzinga mpya kikipita siku ya gwaride, sote tutapiga makofi, mimi nikiwa mbele na simu yangu. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 239, inasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya raia. Raia ni mimi na wewe, na kwa niaba yetu wale wabunge wa kamati ya ulinzi. Bajeti ya "kuboresha vifaa" ikifika mezani, hawahitaji kujua siri yoyote ili waulize mambo manne: tunajiandaa kupigana na nani, nini kimeua askari wetu miaka mitano iliyopita, kifaa hiki kinazuia kipi kati ya hivyo, na spea zake anatengeneza nani.

Mbunge wako akija kwenye harambee ama matanga, muulize moja tu kati ya hayo. Hapa Kwa Vonza kuna wazazi ambao wana mtoto kwenye doria usiku wa leo, na jibu linawahusu kuliko linavyonihusu mimi. Ukiwa na mzee aliyetumikia Isiolo ama Somalia na yuko tayari kusimulia, niandikie hapo chini. Sehemu ya pili ningependa iwe yake.